Sahihi ya Muzee Onésime

Jumatatu, 5 Septemba 2022

Leo shefu Evariste alifungua kabati la nyuma, dosie zikamwangukia miguuni. Mia tatu na kumi na mbili! Nimezihesabu mimi mwenyewe, na vumbi la volkano limo bado. Zote ni maombi ya ruhusa ya kutumia maji: kuvuta ziwani, kuchimba kisima, kujengea chemchemi. Nyingine zina miaka sita. Barua imetoka juu: Ijumaa tarehe 16, saa tisa na nusu alasiri, dosie isiyo kamili inafutwa na mwombaji anaanza upya. Shefu akasema, "Micheline, tutafanya nini?" Tutafanya – yaani mimi.

Nilitafuta yetu hata kabla ya chai. Ipo! Namba 207: akina mama wa avenue yetu, mtaani Katoyi, wakiongozwa na Mama Joyeuse. Wanaomba kuvuta maji kwa pampu pale ziwani Kyeshero, yasafishwe, yaletwe kwa bomba moja hadi kwetu. Inakosa kitu kimoja tu – sahihi ya jirani yetu Muzee Onésime, maana bomba la kuteka litawekwa kwenye kiwanja chake. Miaka minne, sahihi moja! Na binti yangu Victoire kila asubuhi anapanda kutoka ziwani na bidoni ya lita ishirini mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, ndipo aende shule. Shingo inamuuma hata akilala. Nitaimaliza dosie hii au nimeze muhuri.

Jumatano, 7 Septemba

Mia moja na ishirini zimetoka. Lakini watu wanavyojaza fomu! Swali: maji yatasafirishwa kwa njia gani? Jibu: kwa chukudu – kigari cha mbao! Swali: mwenye chemchemi ni nani? Thelathini wameandika "Mungu". Nikaandika pembeni: uthibitisho unahitajika. Shefu hakucheka.

Shida ni anwani. "Nyuma ya avoka kubwa." Mparachichi wenyewe ulilala chini ya lava mwaka jana. Watu hamsini na wanane wanatakiwa kuja kusaini, na sijui niwapate wapi. Simu zao zilishakufa. Wazo – kanisani! Hapa mtu anaweza kuikimbia serikali, Misa haikimbii.

Alhamisi, 8 Septemba

Nilipotoka kazini nilipitia kwa Muzee Onésime. Mgane, miaka sabini na moja, shati limepigwa pasi utadhani anangoja mgeni. Alinipa kiti, akanipa ndizi mbivu. Sahihi hakunipa. Kisa chenyewe: kwenye mkutano wa avenue, Mama Joyeuse alimwambia mbele ya watu kwamba yeye ni bahili hata wa salamu. Tangu siku hiyo hawasemeshani. "Akuje yeye mwenyewe aniombe," akasema.

Nikashuka kwa Mama Joyeuse, mjane naye, anauza makaa nyumba tatu tu chini yake. Apige magoti kwa yule? Hata ziwa likauke! Wapiganapo tembo nyasi huumia – na nyasi ni shingo ya Victoire wangu. Nimerudi nyumbani na hasira, nikaunguza maharagwe.

Ijumaa, 9 Septemba

Nimepiga orodha kwa mashine. Safu mbili: kushoto mwombaji, kulia yule anayetakiwa kuja kusaini. Safi kabisa. Nimempa katekista Julien aisome Jumapili pamoja na matangazo. Na 207 nimeitia humo humo, wasikie aibu.

Jumapili, 11 Septemba

Ee Mungu wangu.

Julien aliichomeka karatasi yangu ndani ya daftari la matangazo ya ndoa! Akasoma bila kuvuta pumzi, kushoto na kulia pamoja. "Wanakusudia kufunga ndoa: Léopold na Ushirika wa Wafugaji wa Ng'ombe" – hata hapo hakushtuka! – "Joyeuse wa Katoyi na Onésime wa Katoyi. Anayejua kizuizi chochote amjulishe padri."

Vigelegele! Wauza makaa walipanda juu ya mabenchi. Mama Joyeuse alijifunika uso kwa kitenge. Muzee alikaa wima, akatazama altare, akarekebisha kola. Padri alisahihisha mwishoni, lakini nani alimsikiliza? Mimi nilitoka kwa mlango wa waimbaji.

Jumatatu, 12 Septemba

Foleni hadi barabarani! Waume wamekuja na wake zao niwathibitishie kwamba hakuna anayeoa tena. Léopold alimleta mkewe kwa mkono: "Mama Micheline, umuelezee, ni juu ya maji tu!" Wamesaini mbiombio, wasije wakatajwa tena Jumapili ijayo. Sahihi arobaini na moja kwa siku moja. Shefu anauliza nimetumia mbinu gani. Nimesema: ya kanisa.

Muzee Onésime hakuja. Mama Joyeuse naye hakuja.

Jumatano, 14 Septemba

Zimebaki tisa. Mama Joyeuse hanisemeshi, na ana haki. Lakini asubuhi nimeona kwa macho yangu: muzee alimvulia kofia toka ng'ambo ya barabara. Akajibu! Kwa kidevu tu, ila akajibu.

Ijumaa, 16 Septemba

Saa nane. Imebaki moja. 207.

Muzee Onésime ameingia, suti ya bluu, ananukia sabuni. Akaketi. "Mama Micheline, batu yote banaisha kunipatia félicitations, hongera za ndoa. Mutu moya tu njo hajaniambia kitu." Nimempa kalamu. Ameilaza mezani taratibu. Anangoja.

Nimempigia simu Mama Joyeuse: uje, ao tuanze upya.

Saa tisa kasoro robo. Amefika, anahema, kitenge kipya! Wameniomba nitoke. Nitoke ofisini mwangu! Nimetoka. Naandikia kwenye ngazi, muhuri uko mkononi. Shefu anazunguka na saa yake.

Mlango haufungi vizuri. Nasikia Mama Joyeuse: "Nilikosea siku ile, Muzee. Unipe pardon." Muzee anauliza bomba litakaa wapi. Mama Joyeuse anajibu: nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, kama mchoro wa plani unavyoonyesha. Hapana, anasema Muzee. Moyo wangu! "Ikae mbele, karibu na mulango. Ukikuja kuteka mayi, tusalimiane."

Saa tisa na dakika ishirini na mbili. Zimebaki dakika nane. Shefu anasema plani haibadilishwi. Nimemwambia anyamaze – shefu wangu! Ndani wanabishana sasa kama bomba likae kushoto au kulia kwa mlango, na Mama Joyeuse anacheka. Kalamu sijaisikia bado.