Flashi Tupu Niliyokutumia

Duka la Evarista,
Nyakanazi, Biharamulo.
9 Julai 2025

Mpendwa kaka Ndizeye,

Shikamoo. Wifi Diane hajambo? Watoto nao? Joto la Mtwara bado mnaliweza? Huku tu wazima wa mwili, mama pia, ila mimi kukaa kitini siwezi. Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na siku ya kumwondolea baba matanga imekaribia. Mwezi wa tano nilikutumia flashi yenye maneno yake ya mwisho, ukanijibu kwa ujumbe mmoja tu: flashi ni tupu, hata marehemu mnanifanyia mzaha naye. Nilikasirika, kaka. Kwenye kompyuta yangu hapa dukani flashi hiyohiyo ilicheza mwanzo mpaka mwisho! Nikasema huyu amezoea korosho, kompyuta haijui.

Kumbe mjinga ni mimi.

Kompyuta yangu imejaa video za harusi za watu, haina nafasi ya kutunza video nzima kabla ya kuibana iwe ndogo. Kwa hiyo programu ya kuhariri hutoa kijifaili kidogo, na programu ya kubana hukipitia kwenda kuchukua picha moja moja kwenye ile ya kuhariri. Chenyewe hakina kitu ndani. Ni kama kibao cha njiapanda hapa Nyakanazi: kinakuonyesha Ngara, lakini Ngara haimo ndani yake. Mimi kwa haraka zangu nikakutumia kibao. Kwangu kilicheza kwa kuwa programu ya kuhariri ilikuwa wazi.

Nilijua hayo Jumapili. Umeme ulikatika, programu zote zikazimika; uliporudi nikataka kumwonyesha baba mdogo Anatoli, kioo kikabaki cheusi. Nikadhani baba amepotea kabisa. Bahati video asili bado ilikuwemo kwenye kadi ya kamera.

Nikaanza upya. Nikaifunga programu ya kuhariri ili kompyuta ipumue, ile ya kubana ikakwama papo hapo. Nikaziacha wazi zote mbili, picha ikaja, lakini baba anafungua mdomo bila sauti. Nililia, sikufichi. Mwishowe nikaitoa sauti peke yake, kisha nikaiunganisha na picha. Nimeijaribu kwenye simu ya Evarista na kompyuta ya parokia, inacheza kote.

Sasa jambo lenyewe. Wazee walipanga kuganduka, yaani kumaliza matanga, Jumamosi hii kule nyumbani Ntobeye, na baba mdogo alisema usingojwe, asiyepokea simu amejitoa mwenyewe. Nilimweleza aliyosema baba, hakuniamini, maana siku ya kurekodi nilikuwa naye peke yangu. Basi jana nikamwekea video. Baba anasema: "Tuligombana mimi na Ndizeye, na kosa ni langu. Matanga yangu asiyaondoe mwingine."

Baba mdogo alivua kofia, akaniomba nirudishe nyuma asikie tena. Siku imesogezwa hadi tarehe 26.

Flashi mpya nimeifunga pamoja na barua hii. Usiniamini mimi, msikilize yeye.

Mdogo wetu Consolatha na baba mdogo wanakusalimu. Mbusu wifi na watoto kwa niaba yangu. Mungu awashike mkono njiani.

Mama amekataa kuvua kitambaa cha msiba. Anasema atakivua akikuona mlangoni.

Mdogo wako akupendaye,
Deodata