Mlango Wangu Umelala Kwenye Ngazi

Jumamosi, 1 Machi

Mjomba ametoboa mlango wa chumba changu! Alikuwa anapita na kipande cha chuma begani, akageuka kumjibu Bibi, na ncha ikaingia mlangoni kama kidole kwenye mkate. Mjomba ni fundi wa kuchomelea. Anachotengeneza yeye hakinyanyuliki. Mtaani wanamwita Tani Moja, naye anaitika.

Alichungulia kwenye tundu akacheka. Tumeuziwa boksi, anasema. Kweli — mbao ziko pembezoni tu. Katikati ni karatasi ngumu, imesimamishwa wima, vijumba vijumba kama sega la nyuki.

Mama anataka kwenda kugombana na muuza milango. Mimi nilibaki nimepiga magoti, nachungulia. Bibi akasema wajukuu wa wenzake wanachungulia wavulana, wa kwake anachungulia tundu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimelipata lile sega maktabani! Sakafu ya ndege. Inatengenezwa hivyo hivyo: sega katikati, ngozi nyembamba ya alumini juu na chini. Ukikanyaga, ngozi ya juu inabanwa, ya chini inavutwa. Sega kazi yake ni kuzishika zikae mbalimbali. Kadiri zinavyoachana, ndivyo kitu kinavyokuwa kigumu kupinda. Na uzito — karibu hakuna! Niliusoma ukurasa ule mpaka mkutubi akaniuliza kama ni hadithi ya mapenzi.

Kwa nini nimefurahi hivi? Kwa sababu ya Bibi. Tangu avunjike nyonga anatumia kiti cha magurudumu, na mlangoni kwetu pana ngazi mbili. Mjomba alimtengenezea bamba la chuma la kushukia. Imara — lori lingepita. Lakini kichochoro ni chembamba. Bamba likiachwa pale, mikokoteni haipiti, kwa hiyo lazima liondolewe kila mara. Na wa kuliondoa ni Mjomba na msaidizi wake tu. Mimi na Mama tulijaribu siku moja, Mama akatembea ameinama wiki nzima.

Basi Bibi hutoka Mjomba akiwepo. Na mchana Mjomba yupo Jumapili tu; siku nyingine yuko karakana mpaka jioni.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Mjomba nataka mlango wangu. Akasema si unao? Nikasema nataka uwe wa kumshushia Bibi.

Aliweka kijiko chini.

"Profesa, mama yangu mzazi nimpitishe juu ya boksi?"

Masikio yaliniwaka moto. Jibu zuri sana limenijia baadaye, nikiosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua bawaba. Mama amesema mlango wenyewe umeshatoboka, potelea mbali. Sasa nina pazia. Mjomba amesimama mbele yake akabisha hodi kwa mdomo — ngo ngo ngo! Ndugu yangu, anasema, pazia halina mlio.

Ubaya wa pazia ni kwamba unasikia kila kitu. Bibi alikuwa anaongea kwenye simu na rafiki yake, yule mkunga mstaafu anayekaa mwisho wa kichochoro. Macho yamemwishia, haji tena. Bibi alimwambia leo mguu unauma, labda kesho. Mguu haukuwa unauma. Asubuhi nzima alikuwa anatuamrisha tuhamishe kabati, anacheka. Akakata simu, akageuza kiti, akaukabili mlango wa nje. Akakaa hivyo.

Hapa sina la kuchekesha.

Ijumaa, 7 Machi

Mpiga chapa wa barabara kubwa ana karatasi za alumini. Anazitumia mara moja kuchapia, kisha anatupa. Nilipita mbele ya duka lake, nikarudi, nikapita tena, mpaka akatoka kuuliza kama mimi ni mkaguzi. Nikasema yote kwa pumzi moja, Bibi, ngazi, sega la nyuki, ndege. Akanitazama. Akaniuliza huyo bibi anasafiri kwa ndege kwenda wapi? Nikasema mwisho wa kichochoro.

Amenipa bure. Moja imebaki na maandishi ya kadi ya harusi: "…wanayo furaha kubwa kukualika." Bibi anataka hiyo ikae juu. Anasema kwa umri wake hashuki ngazi bila mwaliko.

Jumapili, 9 Machi

Nimegandisha. Karatasi mbili juu, mbili chini. Tundu la Mjomba nimeliziba kwa kibao. Ili gundi ishike vizuri nimepanga juu yake vitabu vyangu vyote. Mjomba akapita: "Hatimaye vitabu vimepata kazi."

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Tuliuegemeza mlango ukingo huu na ule kwenye matofali, Mjomba akakaa katikati. Ulimbeba! Tani Moja, juu ya karatasi! Akaanza kujitikisa kidogo, anatabasamu — kraak! Chini pakafunguka, naye akakaa sakafuni. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi," akasema, "tumejaribu." Akaomba chai.

Ile "basi" yake!

Mjomba hakunitania. Alidhani ni tundu lake. Ilibidi nimwambie, tena mbele ya watu wote: tundu liko pembeni, Mjomba, kosa ni langu. Karatasi za mpiga chapa ni fupi, kwa hiyo nilizikutanisha mbili mbili. Nilizikutanisha wapi? Katikati kabisa! Upande wa chini, mahali panapovutwa kuliko kwingine kote. Na ule ukurasa niliusoma kama hadithi ya mapenzi.

Jumatano, 12 Machi

Mjomba amekuja kwenye pazia bila ngo ngo ngo. Akauliza: panauma wapi hasa? Nikamchorea. Akatazama, akasema aa, inavutwa — kama mnyororo uliounganishwa kwa uzi. Akaondoka bila kuaga. Akarudi na karatasi moja ya alumini, ndefu, isiyo na kiungo, kutoka karakana kwake. Ameibeba kwa vidole viwili mtaa mzima. Anasema ameona aibu, watu watadhani anaumwa.

Tumeigandisha chini, tukapiga ribiti, zile pini za kubana, pembeni. Kisha akataka kuongeza nondo. Moja tu! Nyembamba! Ya kumtuliza roho!

Nikasema hapana.

Nimemwambia Mjomba hapana. Kwa sauti. Hata Mama alichungulia kutoka jikoni.

Ijumaa, 14 Machi

Mjomba amekaa. Amejitikisa. Msaidizi wake akakaa pembeni yake. Umelia kidogo tu, kama kiti cha zamani. Mjomba alilala chini akapitisha mkono upande wa chini, polepole, akitafuta ufa. Hakupata. Akasema tu tungoje Jumapili, awepo.

Nimeubeba kwapani nikazunguka nyumba. Mama: "Usiringe, mwanangu."

Jumamosi, 15 Machi

Bibi amevaa gauni la kutokea. Amepaka mafuta. Ana mkoba mapajani.

Nikamkumbusha, Jumapili, Bibi. Akasema Jumapili ni siku ya watu wanaosubiri watoto wao. Nikasema basi tumwite Mjomba na msaidizi wake walete lile la chuma. Nikaenda uani kuhakikisha kama lipo.

Halipo!

Nimempigia Mjomba. Kelele za mashine ya msasa nyuma yake. Akasema amelikata tangu jana, linakuwa geti la mteja. Akasema, "Profesa, uko hapo? Kaa nyuma ya kiti, usikae mbele." Akakata.

Jana! Kabla au baada ya kunambia tungoje Jumapili?

Mlango wangu umelala kwenye ngazi. Nimeukanyaga mimi. Nimeurukia. Nimepima ukingo wa juu, umekaa sawa. Nimeketi hapa pembeni ya kizingiti niandike kidogo kwanza. Mwenye mkokoteni amesimama kichochoroni, hataki kupita. Ameshusha mishikio, amekunja mikono, kama mtu aliyekata tiketi.

Bibi anauliza hayo maandishi ni ya kuomba kibali kwa nani. Nimesema dakika moja tu, Bibi.

Nimesikia klik. Ni breki, na siyo mimi niliyeifungua. Magurudumu madogo yameshapanda kwenye "furaha kubwa" na Bibi hatazami chini, anatazama kichochoro. Bibi, ngoja, sijashika nyuma — Bibi!