Kura ya Kaka Yako

Nyumba ya Kona,
Mkabala na Kinyozi.
Ijumaa, tarehe 9 Mei.

Mpendwa Shemeji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini ya paa lako. Vipi mgongo? Mara ya mwisho uliniambia huwezi hata kufunga kamba za viatu bila kumwita mkeo. Nilicheka, lakini baadaye nilikuombea.

Mimi nashukuru, mwili haujambo. Macho ndiyo yameanza kunigeuka. Uzi kwenye sindano sasa nautia asubuhi tu, jua likiwa dirishani. Wateja hawajanikimbia. Wiki hii nina sare kumi na mbili za shule na gauni moja la harusi, na bibi harusi anazidi kunenepa kila nikimpima.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu nitaanza kulia, nawe utaanza kile kikohozi chako cha uongo, na dakika zitakwisha hatujasema kitu.

Karakana ya kaka yako imepata mpangaji. Ni muuza rangi, mtu mpole, hana maneno na mtu. Anafungua asubuhi, anafunga jioni, na katikati hapo hasikiki kabisa. Shida yangu ni hiyo hasa. Miaka yote nimeshona upande huu wa ukuta wa mbao na wao wakipiga kelele upande ule. Unawajua: kinyozi, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu, na kaka yako katikati yao ana penseli ya useremala sikioni. Kila ikikaribia mechi walijazana humo, wakapanga kikosi kana kwamba kocha amewatuma. Nilikuwa nagonga ukuta kwa mkasi wanyamaze. Sasa wamenyamaza, Shemeji, na sijui niufanye nini ukimya huu.

Binti yetu huja mwisho wa mwezi, hospitali anakofanya kazi wakimpa nafasi. Siku nyingine zote ni mimi na televisheni. Naiwasha nikiamka ili sauti za watu ziwemo ndani. Mara nyingi huwa ni mpira, nami huuacha uendelee. Nakaa naosha sahani yangu moja na kikombe changu kimoja, huku nasikiliza nani kaumia na nani kafungiwa. Kaka yako angeniona asingeamini. Nilimsumbua miaka thelathini nikimwambia azime hicho kitu.

Sasa nikupe habari yenyewe.

Kesho timu yetu inacheza na wale wanaoongoza ligi. Wametuzidi pointi mbili na mechi zimebaki tatu, kwa hiyo unaelewa watu hapa wakoje. Hata mama wa duka la dawa hasalimii, anauliza tu, "Tutawaweza?" Na kama ujuavyo mkosi wetu, beki wa kushoto amefungiwa kwa kadi tatu za njano. Nani acheze pale? Wiki nzima mtaa hauna neno jingine.

Jana alasiri nilikuwa nakata kitambaa, nikawasikia ng'ambo ya barabara. Tangu karakana ifungwe, wamehamia kwa kinyozi. Huko huwa siwasikii vizuri, lakini jana walikuwa wamepandisha sauti. Kinyozi alitaka Nahodha ashushwe acheze beki, kwa sababu ana uzoefu na aliwahi kucheza pale ujanani. Fundi baiskeli akasema Nahodha kwa umri ule atakimbizwa mpaka ulimi umtoke, achezeshwe yule Kinda wa miaka kumi na tisa. Mwalimu, kama kawaida yake, alikubaliana na kila aliyemaliza kusema.

Ndipo nikamsikia kinyozi akisema kwa sauti kubwa, "Basi mbili kwa moja! Mimi na marehemu tunamtaka Nahodha."

"Marehemu hapigi kura," fundi baiskeli akajibu.

"Hapa kwangu anapiga. Mtu gani alimpenda Nahodha kama yule?"

Shemeji, mkasi ulinikwama kitambaani. Sikujua kama nifurahi kwamba bado wanamhesabu, au nikasirike kwamba wanamsemea. Nikajikuta nimevuka barabara, tepu ya kupimia ingali shingoni na pini zimenijaa kifuani. Nilisimama mlangoni pa kinyozi. Mteja aliyekuwa kitini alikuwa na povu nusu ya uso. Wote wakageuka kama watoto waliofumaniwa, wakidhani nimekuja kuwagombeza.

Nikawaambia, "Kaka yenu hakumtaka Nahodha. Alibadili mawazo."

Hili hata wewe hulijui, na ndiyo sababu nimekaa kitako kukuandikia. Wiki ile ya mwisho, pale wodini, kulikuwa na televisheni ndogo ukutani. Tulikuwa tunatazama mechi. Nahodha alianguka bila kuguswa na mtu, akakaa chini ameshika goti, uwanja mzima ukimsubiri. Kaka yako alimtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Amechoka yule. Wamwache apumzike." Mpaka leo sijui kama tulikuwa tunaongea mpira.

Halafu akanishika mkono, akasema, "Usimwambie mdogo wangu. Atajigamba mwaka mzima."

Najua mlivyobishana juu ya Nahodha. Kila Ijumaa simuni, wewe ukisema ni mzee, yeye akisema wewe huna macho. Mara ngapi mlikatiana simu! Nimeitunza siri hiyo miezi saba, nimeona inatosha. Jigambe, Shemeji. Ulishinda.

Turudi pale kwa kinyozi. Kinyozi alishika wembe hewani mpaka mteja akakohoa. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Hatimaye fundi baiskeli akaniuliza kwa upole, si kwa dhihaka, "Sasa shemeji, wewe ungemweka nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikuwa na jibu tayari, maana hao wanaoongoza ligi nimewatazama mechi nne, peke yangu, nikipiga vishikizo. Winga wao wa kulia anatumia mguu wa kushoto. Hakimbii pembeni hata siku moja. Kila akipata mpira anaingia ndani apige kwa mguu wake. Kinda wetu mguu wake wa kulia ni wa kusimamia tu, atapitwa huko huko ndani. Nahodha atachelewa. Nikawaambia wamchukue yule beki wa kulia wa akiba, wamhamishie kushoto. Mguu wake wenye nguvu utakuwa upande wa ndani, mahali hasa winga anapotaka kupita. Akienda pembeni, aende, huko hana lake.

Walitazamana. Kinyozi akaweka wembe chini. Fundi baiskeli akachukua vichana viwili na kopo la poda, akavipanga mezani, akavisogeza huku na huku akinung'unika. Nilisimama nasubiri kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari. Mwisho akapiga meza kwa kiganja.

"Jamani, ni kweli kabisa!"

Kinyozi alifuta jina la Nahodha kwenye ubao wake wa bei, maana ndipo wanapoandika kikosi siku hizi, akaandika la yule wa akiba. Mwalimu akakubali, ingawa yeye hukubali kila kitu. Mteja mwenye povu naye akakubali. Kocha hatatuuliza, hilo tunalijua sote, lakini nakuambia kwa dakika kumi zile nilisahau kila kitu.

Nilirudi nyumbani mbio mbio kama msichana. Nilisukuma mlango nikasema kwa sauti, "Wamekubali!"

Nilibaki pale pale, mkono kwenye kitasa. Televisheni ilikuwa inasoma hali ya hewa. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kumweleza yote, alivyosema fundi baiskeli, na kopo la poda, na povu. Maneno yote yalikuwa yamejipanga. Nikakaa kitini na tepu yangu shingoni, nikawaza ni nani mwingine duniani angependa kujua kwamba mimi, mimi huyu, nimepanga beki wa kushoto. Nikakuona wewe tu, nawe uko mbali. Leo baada ya chai nikatafuta karatasi.

Wamenialika kesho niende kutazama nao. Kinyozi ameahidi kuniazimia kiti chenye egemeo. Sijawajibu. Naogopa tukifunga bao nitageuka kumtazama mtu ambaye hayupo, tena mbele za watu. Lakini nadhani nitakwenda. Nitakaa karibu na mlango.

Nisalimie mkeo, mwambie vipimo vyake ninavyo bado, achague tu kitambaa. Wasalimie ndugu za binti yangu, mkubwa na pacha wote wawili, na yule jirani yenu dereva aliyekuja mazikoni na kunibebea viti bila kuambiwa. Binti yetu anakusalimu sana, anasema baba mdogo usinyanyue vitu vizito.

Mungu akutunze huko uliko, akupe usingizi mzuri na watu wa kubishana nao.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Fundi Cherehani.