Mlango wa Kengele na Mume Asiyeweza Kunyamaza

Jumamosi. Mvua haijaacha kunyesha Ilala tangu asubuhi, cherehani nimeifunika, viatu vyangu vimelowa chapachapa, na mimi nina furaha isiyoendana kabisa na hali ya hewa.

Nianze na ugomvi, maana bila ugomvi wa jana, ya leo yasingetokea.

Kuna gemu ninacheza kwenye tivii. Ni kisiwa kitupu. Hakuna adui, hakuna bunduki, hakuna mtu wa kukuelekeza. Unatembea, unatazama, unagusa vitu, unajiuliza. Mwisho wa njia kuna mlango wa jiwe, na mbele yake uwanja wa nyasi wenye kengele tano. Ukizigonga kwa mpangilio sahihi, mlango unafunguka. Mpangilio wenyewe haujaandikwa popote. Nimezigonga kengele hizo tangu kabla ya mfungo, mpaka nazisikia nikiwa nimelala.

Dada yangu aliniuliza raha iko wapi hapo. Nikimjibu kwa ukweli, raha ni kuwa mjinga bila mtu kunicheka. Mimi ni fundi wa nguo, kutwa nzima wateja wananielekeza: bana hapa, achia pale, nataka kama la kwenye picha. Kisiwani hakuna anayenielekeza. Hata hicho kidogo nitakachogundua kitakuwa changu, na hakuna atakayesema yeye ndiye alinionyesha.

Nataka kuufungua mlango ule mwenyewe. Basi.

Tatizo ni Seif, mume wangu. Seif ni winga Kariakoo. Kazi yake ni kumpokea mteja asiyejua aanzie wapi na kumfikisha kwenye duka lenye kitu anachotaka. Akimwona mtu aliyepotea, mwili unamuwasha. Juzi juzi, kwa siri, akaangalia mtandaoni jinsi mlango ule unavyofunguliwa. Ati alitaka awe tayari nikizidiwa.

Tangu hapo nyumba haina amani. Nikishika pedi ya gemu, anakaa pembeni yangu. Nikigonga kengele, anafumba macho kama anachomwa sindano. Nikikosea, anainuka kwenda jikoni kunywa maji. Kwa mwendo huu atamaliza dumu. Nilimweleza kwamba fumbo likishasemwa limekwisha, huwezi kulisahau ili ulifumbue upya. Akaapa kunyamaza.

Jana kiapo kikamshinda. Akaanza, "Mke wangu, jaribu tu..." Nikaziba masikio na kuimba kwa sauti mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Sikusikia alichosema. Lakini nilikasirika kweli, nikalala nimempa mgongo.

Ndiyo maana leo sikumtuma. Siku zote nikihitaji kitu Kariakoo namtuma yeye. Leo nilihitaji vifungo vya lulu vya gauni la bi harusi. Bi harusi mwenyewe alishanitajia jengo na jina la duka, nikasema naenda, na simuulizi mtu.

Mpaka napita Mnazi Mmoja nilikuwa jasiri. Ndani ya jengo ujasiri ukaisha. Korido zote zinafanana, zipu huku, lesi kule, na kila ukikata kona unarudi ulikotoka. Nilipita kwa muuza mikanda mmoja mara nyingi hadi akawa ananisalimia kama ndugu yake. Na mawinga wananijua. "Shemeji, unatafuta nini nikupeleke?" Nikasema natembea tu. Hakuna mtu anayetembea tu Kariakoo siku ya mvua. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nyumbani ni salama.

Bila shaka walimpigia Seif, maana simu yangu iliita muda huo huo. Akasema amesikia nazunguka. Nikamtajia duka, nikamwambia asithubutu kunielekeza. Nilimsikia anavyohema. Duka lile analijua kama mfuko wa suruali yake.

"Haya," akasema mwishowe. "Zunguka."

Nikapanda ghorofa ya tatu, kwa sababu tu niliona aibu kupita tena kwa yule wa mikanda. Jengo lile katikati liko wazi. Nikaegemea ukuta mfupi, nikatazama chini, na duka likawa lile pale, mlango wa pili kutoka kwenye mikanda. Bango lake liko juu, na ukiwa chini mabegi yaliyotundikwa yanalificha usilione.

Pembeni yake, nyuma ya sanamu ya kuvalishia nguo, alijibanza mume wangu. Shati limelowa, mkono ameuweka mdomoni. Alikuwa ananifuata, na hakusema neno.

Nilicheka mpaka machozi. Nilimpenda sana, na ule mgongo wa jana ukaniuma.

Halafu nikaacha kucheka.

Kisiwani, nyuma ya uwanja wa kengele, kuna kilima. Sijawahi kukipanda. Nilidhani kimewekwa kwa urembo.

Vifungo nilivinunua mbio mbio, mama mwenye duka nikamwamkia huku natoka. Seif alinifuata hadi nyumbani akiuliza kuna nini. Sikuvua hata viatu, nikawasha tivii, nikapanda kilima. Ukiwa chini unaona nyasi tu. Kutoka juu, nyasi zina njia iliyochakaa inayopita kengele moja hadi nyingine, mpaka mlangoni. Nikashuka, nikazigonga kwa kuifuata njia ile.

Mlango ukafunguka.

Nililia kidogo. Seif alilia zaidi, alikuwa amebeba mzigo mzito. Mpangaji akagonga ukuta.

Nikamuuliza kuna nini ng'ambo ya mlango.

"Sijui," akasema. "Niliishia mlangoni. Huko nilitaka twende wote."

Kwa maneno hayo nikampa pedi. Ng'ambo kuna mji mzima wa vichochoro, na jambo la kwanza alilofanya winga wangu ni kutafuta mtu wa kumuuliza njia. Hakuna mtu. Ninapoandika haya amekwama mbele ya ngazi iliyovunjika, anaiendea, anairudia. Nyuma yake, kushoto, inaning'inia kamba. Nimeiona tangu anaingia.

Nimejaribu kufungua mdomo, akaanza kuimba.

Nimeshaenda jikoni kunywa maji mara mbili. Hivi nitaweza kweli kunyamaza mpaka aione?