Vipindi Kumi na Saba kati ya Arobaini na Nane

Mhunze, Kishapu
14 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Donatus,

Shikamoo yako ilinifikia pamoja na kile kishikwambi. Marahaba, mwanangu. Huko Arusha baridi imepungua? Na mkeo Martina, kifua kimepona? Sisi tupo. Macho yangu yanachoka mapema na goti la kushoto limegoma, lakini kwa miaka sabini na sita sina wa kumlalamikia.

Uliniomba niikague programu yenu ya sayansi, sehemu ya viumbe hai, kisha nisaini fomu kwamba inaoana na muhtasari wa darasa la sita. Nimeikagua siku tisa. Niliweka muhtasari kushoto, kishikwambi kulia, nikapitia kipindi kimoja kimoja kama nilivyosahihisha madaftari enzi za ualimu wangu.

Vipindi ni arobaini na nane. Vinavyooana ni kumi na saba.

Nadhani najua mlipokosea. Mlilinganisha vichwa vya habari. Muhtasari una mada ya mazingira, nanyi mna mada ya mazingira, basi mkatia tiki. Lakini chini ya kichwa hicho muhtasari unataka mtoto atoke nje, achunguze viumbe wa mahali pake, aeleze jinsi wanavyotegemeana. Programu yenu inamtaka akae na kubonyeza.

Jumanne niliijaribu darasani kwa Mwalimu Salome. Swali lilikuwa: wakati wa kiangazi mifugo hupata wapi chakula? Binti mmoja, Limi, alitafuta ngitili, yale malisho tunayoyafunga masika na kuyafungua nyasi zikiisha kwingine. Haikuwemo. Akachagua "malishoni", ikatokea alama nyekundu. Jibu sahihi, kwa mujibu wenu, ni "ghalani".

"Babu," akaniambia, "hii mashine haijawahi kuchunga."

Darasa zima lilicheka. Salome alicheka pia, kisha akanivuta pembeni. "Mwalimu, tia saini tu, tuvipate hivyo vishikwambi. Watoto watano kitabu kimoja, nawe unahesabu ngitili!" 

Ulikuwa na miaka sita tulipoondolewa kule Geita kupisha mgodi. Sidhani unalikumbuka bonde letu. Mimi bado naweza kuitaja miti yake, kutoka kisimani hadi kwa mzee Magesa, na sina wa kumwonyesha, maana bonde lenyewe sasa ni shimo. Labda ndiyo sababu nimekuwa mgumu. Mtoto aliyefundishwa kutazama pale anapoishi, hata pakiondoka, atajua kilichokuwepo.

Umeandika kwamba fomu ikirudi bila saini, ajira yako iko mashakani. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nimekulea tangu dada yangu alipofariki, na hujawahi kuniomba kitu kikubwa. Ningetamani hili liwe jambo la kwanza nikupe bila maswali.

Nimesaini, Donatus. Lakini juu ya saini nimeandika: vinavyooana kumi na saba, vinavyorekebishika kumi na kimoja, vilivyobaki, ishirini, viandikwe upya. Vyote nimeviorodhesha kwenye karatasi ya pili, na sababu zake. Mkubwa wako akiuliza mzee huyu ni nani, usinikane, ila mwambie pia kwamba niko tayari kuviandika hivyo ishirini pamoja nawe, bila malipo, nikiwa bado naona.

Bahasha imeondoka na basi la asubuhi. Nimekutangulizia barua hii kwa simu ya Salome ili usikute jambo hili mbele ya watu.

Nisalimie Martina, na umbusu mwanenu Kudra kwa ajili yangu. Shangazi yako Mageni anakusalimu. Yeye angesaini bila kusoma, na amenitaka niliseme hilo. Mungu akushike mkono ofisini kesho.

Nikasirikie, mwanangu, lakini nipigie.

Mjomba wako akupendaye,
Mayala