Kaburi la Baba Tessa

Baba Tessa,

Nimekimbilia dukani kuongeza peremende za watoto watakaopita mlango kwa mlango leo usiku wa Halloween, kwa sababu zile za kwanza umezimaliza wewe na maganda ukayaficha kwenye kiatu changu. Filamu za kutisha nimeziazima maktaba, bure, ziko juu ya meza ya televisheni. Maboga usiyachonge bila Tessa, atalia.

~~Chakula cha jioni jipikie mwenyewe.~~ Chakula kipo. Asubuhi nilichomeka bustanini lile jiwe la kaburi la plastiki la bei ya kutupa, pambo la Halloween, nikaandika jina lako ili nikukomeshe. Jirani yetu Bi Gundersen akaliona bila miwani, na gari lako nalo liko kwa fundi wiki nzima. Mara yuko mlangoni na bakuli la tambi za kuku za kuoka, kama tunavyopelekeana hapa mtu akifiwa. Kabla sijafungua mdomo akanikumbatia: "Pole mwanangu. Alikuwa mtu mwema, ila mlafi."

Nilicheka mpaka machozi, naye akadhani nalia.

Tambi ni tamu, niachie kidogo. Jioni nitamrudishia bakuli na kumweleza. Mpaka hapo usitoke nje, na ikibidi, jifunike shuka kama mzimu.

Mjane wako