Dumu la Mawese la Kuombea Radhi

Kasingirima,
Kigoma-Ujiji.
12 Juni 2024

Mpendwa wifi yangu Brigita,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wifi, na hapo Dodoma mnaendeleaje? Kifua cha shemeji Fabian kimetulia? Sisi wazima, ila ziwa limefungwa, hakuna kuvua, na kila siku ni maharage mpaka tunaoneana aibu mezani.

Barua hii anakuletea mwanangu Marcelina mwenyewe. Nimeiandika kwa sababu kuna mambo hataki kuyasimulia tena, nami sitaki uyasikie nusu nusu.

Unakumbuka alivyomaliza chuo cha sanaa, tukacheza hadi watu wakauliza ni harusi ya nani. Yeye na Shadia, binti wa jirani aliyesoma naye, wakaanza kuchora kuta za maduka na saluni. Walijiwekea sharti moja: kwa mteja wanakwenda wawili, tena mchana. Walikuwa wameona wenzao walivyoumizwa na watu waliojifanya wanagawa kazi.

Basi mwenye nyumba mpya ya wageni huku ufukweni akaipenda kazi ya Marcelina. Alitaka kuta zote zichorwe ziwa, sokwe na kina mama wanaoanika dagaa. Akamwita aende jioni, peke yake, wazungumzie rangi. Rangi gani hiyo inayozungumzwa gizani, wifi? Akaenda mchana na Shadia. Yule bwana akanuna, akasema hana kazi na watoto wanaoshikana mikono.

Sasa kaka yako. Unamjua Telesphory, likitajwa neno heshima hasikii lingine. Mimi nilikuwa sokoni. Alipoambiwa binti yake kamuudhi mtu mzima, akamchukua mdogo wake Gasper, wakabeba dumu la mawese wakaenda kumwombea radhi, kama tunavyofanya mtoto akimkosea mkubwa. Walirudi wanacheka. Wamesamehewa! Kazi ipo, ila aende Jumamosi saa mbili usiku, na yule mwenzake asionekane.

Marcelina akamtazama baba yake. "Baba, mchumba akija hapa kwetu haji bila mshenga. Mimi nikienda kwa mwanaume nisiyemjua, naenda na nani?"

Mpaka leo kaka yako anakula kainamisha kichwa. Namhurumia, lakini hasira haijaniisha. Mawese yale niliyakamua mimi.

Binti hakwenda, na habari zikazagaa kwamba anaringa. Tangu hapo hakuna aliyempa ukuta. Inaniuma sana, wifi. Tungekuwa na chumba kama kile cha akina mama wachoraji wa huko Dodoma ulichonisimulia, mlango wazi, mteja anapokelewa na watu wawili, mwanangu asingepanda treni. Tulihangaika naye mpaka siku ya cheti, kisha tukadhani yaliyobaki atayajua mwenyewe.

Nakuomba umpeleke kwao mapema. Usimuulize yaliyotokea. Muulize anataka kuchora nini.

Nisalimie shemeji, Noel na bibi Verediana. Gasper naye anakusalimu, ingawa salamu zake wiki hii mimi sizipokei.

Nilikuwa nimemaliza kuandika, Shadia akabisha hodi. Amekuja kumsindikiza mwenzake stesheni. Wanaagana hapo uani, na huyu anayebaki ndiye anayenitia hofu, maana wawili sasa ni mmoja. Jumatatu ana ukuta wa shule ya chekechea kule Ujiji, na mama yake hawezi kuacha biashara. Nimemwambia nitakwenda naye mimi, nikae hapo na ungo wangu wa maharage mpaka amalize. Shadia ameshukuru. Marcelina amegeukia ukutani akalia. Nimeelewa, wifi. Hayo ndiyo maneno aliyongoja mtu wa nyumba hii amwambie.

Mungu ailinde nyumba yako, na huyu ninayekukabidhi.

Wifi yako akupendaye,
Honorata